Zana za uhunzi za mitumba: zikague kabla mtoto hajazigusa

Kwenye yadi za vyuma chakavu siku hizi wateja si wale wa kupima kwa kilo peke yao. Yupo baba anayepekua rundo akitafuta nyundo ya zamani yenye kichwa kizito. Yupo kijana aliyemaliza kidato cha nne anayetaka kipande cha reli akifanye fuawe. Yupo fundi wa mageti aliyesikia kuwa karakana fulani inafungwa na jiliwa lake linauzwa. Wote wanajua jambo moja: zana ya mhunzi iliyotengenezwa vizuri inaweza kumtumikia babu hadi mjukuu, na ikiwa imetumika, bei yake haifanani na ya dukani.

Kwa familia ni jambo jema. Tanuru dogo uani linaweza kutoa visu, majembe, bawaba na ada ya shule. Lakini uani ndiko watoto wanakocheza, ndiko nguo zinakoanikwa na ndiko mboga zinakochambuliwa.

Uhunzi kwetu si jambo geni. Upareni ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi hiyo. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye tanuru ndefu za udongo. Mamba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wahunzi wa Kichaga wanafua mikuki na visu hadi leo. Katika koo kama hizo koleo na nyundo hupita kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana, na pamoja nazo hupita maelekezo: hii ni ya kazi gani, hii usiipige na ile, hapo usisimame. Zana iliyotoka kwenye rundo la yadi haina mzee wa kuisemea. Hujui ilipigiwa nini, ilipakwa nini, wala ilichanganywa na nini kwenye gunia.

Ndiyo maana shirika la Tools for Self Reliance la Uingereza, ambalo hukusanya zana za mkono zilizotumika na kuzileta Afrika, Tanzania ikiwemo, haliziburuti tu kutoka stoo za watu hadi kwenye kontena. Watu wanaojitolea huzisafisha, huzinoa na kubadilisha mipini kwanza. Unaponunua mwenyewe yadi, kazi hiyo ya katikati ni yako, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Anza na vichwa. Tazama tindo la zamani upande unaopigwa nyundo. Likitumika miaka mingi, chuma hulala na kuchanua pembeni kama uyoga. Ile midomo iliyochanua ina nyufa ndogo, na siku moja kipande huruka. Ni kidogo kama punje ya mchele lakini kinakwenda kasi ya kutisha na kinaweza kutoboa jicho. Tiba yake ni ya dakika chache: saga midomo yote kwa grenda au tupa mpaka kichwa kibaki laini na kimeinama kidogo kwenye kingo. Tindo lenye ufa ulioingia ndani halisagwi, linarudishwa kwenye chakavu.

Nyundo nayo ikaguliwe usoni. Kingo zilizomeguka ni dalili kuwa imepigwa kwenye chuma kigumu kuliko ilivyopaswa. Usipige nyundo kwa nyundo hata kwa kujaribu, maana nyuso zote mbili ni ngumu na ndipo vipande hutoka. Kuhusu mpini uliolegea, wapo wanaouloweka kwenye ndoo usiku kucha. Mti huvimba ukakaza kweli, ila ukikauka unasinyaa kuliko mwanzo, na kichwa cha kilo moja kinaweza kuchomoka katikati ya pigo. Mpini mpya na kabari yake ni gharama ndogo. Kaa mbali pia na nyundo iliyochomelewa bomba badala ya mpini wa mti. Inatikisa mkono, na pale kwenye weldi huweza kukatika bila onyo.

Sasa chuchumaa uangalie fuawe kwa urefu wa mtoto wa miaka mitano. Kwa mtu mzima uso wa fuawe uko usawa wa ngumi zake akiwa amesimama mikono chini. Kwa mtoto uko karibu zaidi na uso. Cheche, magamba ya chuma na vipande vyote vinatoka hapo. Kwa hiyo miwani ya kinga ya baba haitoshi kama mtoto amesimama hatua mbili mbele akishangaa. Mstari wa chaki chini, au kamba, ukiwekwa mbali na kuheshimiwa kila siku, unafanya kazi kuliko kumfokea.

Kitu kikiingia jichoni kwa kasi, asisugue, na asijaribu mtu yeyote kukitoa kwa ncha ya kanga. Maziwa ya mama yasitiwe, wala dawa ya jicho iliyobaki nyumbani. Funika jicho kwa kitu kisicholigandamiza, kwa mfano kikombe kidogo cha plastiki kilichoshikizwa kwa plasta, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepungua. Kipande kidogo kilichopenya ndani wakati mwingine hakiumi sana siku ya kwanza.

Fuawe yenyewe ina jaribio lake la zamani. Dondosha gololi ya beringi kutoka urefu wa kama sentimita 25. Ikirudi juu zaidi ya nusu ya urefu ule, na vizuri zaidi ikikaribia robo tatu, uso bado ni mgumu. Ikizama kwa sauti ya kufa, uso umelainika au una ufa ndani. Kwa afya ya mtoto, hata hivyo, la msingi ni uzito. Fuawe ya kilo 50 juu ya gogo linalotikisika ni ajali inayosubiri mtoto wa kupanda. Ifungwe kwa misumari mikubwa au mnyororo, na gogo lifukiwe chini. Kipande cha reli ni chembamba na huanguka upesi zaidi. (Reli nayo uinunue kwa risiti na kwa muuzaji anayejulikana. Kuhujumu reli ni kosa, na anayekutwa na kipande kisicho na maelezo ana kazi ya kujieleza polisi.)

Hatari inayowachanganya wengi, madaktari wakiwemo, inatoka kwenye malighafi na siyo kwenye zana. Mtu akishapata tanuru, kila chuma mtaani kinakuwa mali: bomba la maji, waya wa uzio, boliti zinazong'aa, vipande vya bati. Vingi kati ya hivyo vimepakwa zinki ili visishike kutu. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, na tanuru la mkaa lenye kipulizio hupita hapo bila shida. Utaona moshi mweupe, na pembeni mwa moto unga mwepesi kama pamba ambao ni wa njano ukiwa na moto na mweupe ukipoa.

Aliyevuta moshi huo anaweza kumaliza kazi akiwa mzima kabisa. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, inakuja homa, baridi ya kutetemeka, kichwa, viungo kuuma, kiu na ladha ya chuma mdomoni. Katika nchi yetu mtu mwenye dalili hizo anasema jambo moja tu: malaria. Anameza dawa, na baada ya siku moja au mbili anapona, kwa sababu homa ya mafusho ya metali huisha yenyewe kwa muda kama huo. Anaamini dawa imemponya. Jumamosi inayofuata anachoma bomba lingine.

Kosa linaweza kwenda upande wa pili pia, na hilo ni baya zaidi: mtu ana malaria kweli lakini anajiambia ni moshi wa jana. Kwa hiyo pima kwanza. Mweleze mhudumu wa afya kwamba jana ulichoma vyuma, na vya aina gani. Maelezo hayo hayamo kwenye kipimo cha damu, na daktari hawezi kuyabuni. Kama kifua kinabana au pumzi inakuwa fupi, usisubiri asubuhi. Boliti na vifaa vingine vya zamani vilipakwa kadimiamu badala ya zinki, na moshi wake unaweza kuharibu mapafu na kuua.

Kuhusu maziwa, mafundi wengi wa kuchomelea huamini kuwa glasi moja kabla au baada ya kazi inasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, ila yanakwenda tumboni na moshi uko kwenye mapafu. Kinga ya kweli ni kutokutia kabisa motoni chuma kilichopakwa. Springi za gari na nondo zisizo na mpako zinapatikana tele.

Tanuru la mwanafunzi wa uhunzi mara nyingi ni dramu la breki la lori, na ni wazo zuri kwa sababu ni zito na linastahimili moto. Lakini dramu lina vumbi la breki, na breki nyingi za zamani zilikuwa na asbesto. Nyuzi zake zikivutwa hukaa kwenye mapafu, na saratani zinazosababishwa nazo huchukua miaka mingi sana, mara nyingi zaidi ya 20, kujitokeza. Anayepiga dramu chini ili kukung'uta vumbi uani leo hataona lolote. Usilipulize, usilifagie kavu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa matambara mabichi, matambara yafungwe kwenye mfuko na kutupwa, na watoto wawe mbali mpaka mwisho. Glavu nene za rangi ya kijivu au nyeupe zilizofumwa kama turubai, zinazokuja na zana za zamani za kiwandani, nazo zinaweza kuwa za asbesto. Hizo usizijaribu hata mkononi. Za ngozi zipo.

Kuna madini ya risasi pia, na hapa mzazi asimame kidogo. Risasi inaingia kwenye mzigo wa zana kwa njia za kawaida kabisa. Rangi ya zamani iliyobanduka kwenye jiliwa au mguu wa mashine inaweza kuwa nayo. Kipande kizito, laini, cha kijivu kinachokwaruzika kwa ukucha, ambacho fundi alitumia kukunjia bati juu yake, ni risasi yenyewe. Na lile karai dogo jeusi lililotupwa kwenye gunia kama nyongeza huenda lilitumika kuyeyushia betri za gari kutengeneza chubwi za nyavu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, hata jiko la mkaa la jikoni linatosha, ndiyo maana watu wengi waliifanya kazi hiyo nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hunyonya zaidi. Inaharibu ubongo unaokua. Mtoto hapati jeraha wala kukohoa. Anakuwa mzito darasani, mkorofi, asiyetulia, na anachapwa kwa hilo. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, wakazi walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe Sh1.3 bilioni za Kenya, shauri ambalo baadaye liliendelea kwenye rufaa. Kile kilikuwa kiwanda. Vumbi la karai moja ni dogo sana ukilinganisha, lakini liko chumbani ambamo mtoto anatambaa.

Na kweli liko chumbani. Familia iliyopanga chumba na sebule haina karakana, na zana ni mali ya kuibwa, kwa hiyo zinalala chini ya kitanda. Hakuna haja ya kumlaumu mtu kwa hilo. Lakini ziwe ndani ya sanduku lenye kifuniko, si gunia linalovuja, na sakafu ya pale ipigwe deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa. Rangi ya zamani isichomwe kwa moto wala kupigwa msasa mkavu, ilowanishwe kwanza. Karai la kuyeyushia risasi lisigeuzwe chombo cha kitu kingine chochote, kuku wakiwemo.

Baba akimaliza kazi, mtoto hukimbia kumpokea. Ni vigumu kumwambia asubiri, ila asubiri: baba avue ovaroli na viatu nje, anawe mikono na uso kwa sabuni, ndipo ambebe. Ovaroli ifuliwe peke yake, si kwenye beseni moja na nepi.

Mengine yanaweza kusemwa kwa haraka. Bomba lililozibwa pande zote mbili na shokapu za gari visiingie motoni kamwe, kwa sababu kilichomo ndani hupanuka na kulipuka. Pipa ambalo hujui lilibeba nini usilikate kwa grenda. Diski ya grenda inayokuja bure na mashine ya mitumba itazamwe tarehe iliyochapwa kwenye pete yake ya katikati. Diski hizo hupewa muda wa miaka mitatu, na iliyolowa au kupitwa na muda inaweza kupasuka ikizunguka. Mashine isiyo na kinga ya diski si ya bei nafuu, imekatwa kitu. Mkaa usiwashwe chumbani wala kwenye kibanda kilichozibwa kwa kuogopa mvua, maana kaboni monoksaidi haina harufu. Kelele ya nyundo juu ya fuawe hupita kwa urahisi desibeli 85, kiwango ambacho masikio huanza kudhurika kwa kazi ya kutwa, kwa hiyo vizibo vya masikio si mambo ya kizungu. Mnyororo uliozungushwa kiunoni mwa fuawe hupunguza mlio, na majirani watashukuru.

Kwa kuzimia chuma chenye moto, wengi hutumia oili chafu ya gereji kwa kuwa ni ya bure. Moshi wake una metali na kemikali zinazosababisha saratani. Mafuta ya kupikia yaliyokwishatumika yanafanya kazi hiyo vizuri tu kwa visu na majembe. Yawekwe kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko kilicho karibu. Yakishika moto funika, usimwage maji.

Moto mwenyewe watoto wanauogopa. Wasichokiogopa ni chuma kilichopoteza rangi. Chuma cha nyuzijoto 400 kwenye mwanga wa jua hakiwaki. Ni cheusi na kimya kama chuma kingine chochote, na kinababua ngozi papo hapo. Mtoto ameona baba amekiweka chini, amekiona si chekundu, anakiokota. Wahunzi wazoefu hupeleka kiganja karibu na chuma, bila kukigusa, kabla ya kukishika. Nyumbani ni bora zaidi kuwe na ndoo moja ya chuma yenye mchanga, na kila kilichotoka motoni kiingie humo mpaka kesho. Hakuna kipande kinachowekwa chini, hata kwa dakika moja, hata simu ikiita.

Akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama bomba halina maji, mmwagie polepole kwa kikombe kutoka kwenye ndoo, kwa muda huo huo. Si barafu. Dawa ya meno, unga, mafuta na yai havipozi, na hospitali italazimika kuvisugua vitoke juu ya kidonda. Pete, bangili na nguo zisizogandamana na ngozi zitolewe mapema kabla hapajavimba, pafunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto aliyeungua usoni, mikononi, sehemu za siri au eneo kubwa kuliko kiganja chake apelekwe hospitali.

Mwisho ni pepopunda. Watu husema inatokana na kutu. Kutu yenyewe haina ugonjwa; kimelea kinaishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na zana iliyolala yadi miaka mitano imelala humo humo, kisha inachoma kidole kwa kina ambako hewa haifiki. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha kionwe zahanati. Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kina mama hupata chanjo hiyo wakiwa wajawazito. Anayebaki ni baba, ambaye mara nyingi hajachanjwa tangu utotoni au hajachanjwa kabisa, na ndiye anayeingiza mkono kwenye gunia la vyuma. Siku ya kumpeleka mtoto kliniki, baba aende naye akaulize ya kwake.